Uzi maalumu: Kuku chotara wa madoadoa, jinsi ya kumsoma na jinsi ya kuyafanya madoa yabaki bandani

#1 Mfuga Machotara

Wakuu, habari zenu.

Kuna swali linarudi kila wiki. Mtu anaweka picha ya kuku wake wa madoadoa, anauliza "huyu ni aina gani?", na majibu kumi yanashuka. Mmoja anasema Ancona, mwingine Speckled Sussex, wa tatu anaapa kwamba ni Plymouth Rock. Mara nyingi wote wamekosa, kwa sababu kuku yule ni chotara, na chotara hana jina moja. Ana wazazi tu, na kazi yetu ni kuwatafuta wazazi hao katika mwili wake.

Nianze na kosa langu ili lisimpate mwingine. Nilikuwa na tetea mweusi mwenye ncha nyeupe kwenye kila unyoya, utadhani amerushiwa chokaa kwa brashi. Nikampandisha kwa jogoo mweusi mzuri sana. Wakatoka vifaranga kumi na watatu, na wote wakakua weusi tii, bila doa hata moja. Nikaona nimepoteza msimu mzima, nikawatoa wote. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba kila mmoja wa wale kumi na watatu alikuwa amebeba madoa ya mama yake ndani kwa ndani, na kwamba ningesubiri kizazi kimoja tu yangerudi. Jambo hili linaniuma mpaka leo, maana tetea yule sikupata tena mfano wake.

Msingi wa uzi huu ni kwamba neno "madoadoa" linafunika mambo kadhaa yasiyohusiana kabisa. Kwa mbali yanafanana, lakini kila moja linarithiwa kwa njia yake. Ukikosea kulitambua, hesabu zote za kupandisha zinavurugika.

Kwa hiyo msimwangalie kuku kwanza. Angalieni unyoya. Okota mmoja wa kifuani na mmoja wa mgongoni, uweke juu ya karatasi mchana kweupe.

Ncha nyeupe. Unyoya una rangi ya mwili, na ncha yake ni nyeupe. Kati ya weupe ule na rangi ya mwili huwa pana utepe mweusi. Kwa Ancona mwili wenyewe ni mweusi wenye kung'aa kijani, kwa hiyo utepe haujitokezi. Kwa Speckled Sussex mwili ni mwekundu wa kahawia, ndipo unaona rangi tatu kwenye unyoya mmoja: kahawia, nyeusi, nyeupe. Houdan wana ncha hizo hizo, na wale kuku wa vijijini kusini mwa Sweden waitwao Skånsk blommehöna vilevile. Jeni yake, yaani kile kinachorithiwa na kuamua madoa, ni ya kujificha: lazima kuku aipate kwa baba na kwa mama ndipo madoa yatokee. Akiipata upande mmoja tu anaibeba kimyakimya, na hao ndio wale kumi na watatu wangu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba jeni inayohusika ni EDNRB2, ambayo kazi yake inahusu safari ya chembe za rangi mwilini wakati kifaranga anaumbika ndani ya yai.

Milia. Huyu kwa mbali ni wa madoa, lakini ukiushika unyoya unaona mistari myeupe na myeusi ikiukata kwa upana kuanzia chini hadi juu. Ni Plymouth Rock, Dominique, Cuckoo Marans na wajukuu wao. Jeni hii inajionyesha hata ikiwa moja, na inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, ile inayoamua kama kifaranga ni jogoo au tetea. Hilo lina faida kubwa na nitalirudia akitokea wa kuuliza.

Matone. Kuku ni mweupe mchafu au kijivu hafifu, na juu yake pana matone ya kijivu na meusi yasiyo na mpangilio, kingo zake kama wino uliolowa. Huyu amepata nakala mbili za jeni ya kijivu-buluu. Akipata moja anakuwa kijivu mwili mzima, asipopata anabaki mweusi.

Weupe unaovuja. Hapa kuku mweusi amepewa nakala moja ya weupe unaotawala, kama ule wa Leghorn weupe. Weupe unaufuta weusi, lakini haumalizi, unaacha vidoa vyeusi hapa na pale juu ya nyeupe safi. Ukimlinganisha na wa matone, huyu kingo zake ni kali na hakuna ukijivu.

Kisha kuna wa ncha nyeusi, kama Hamburg, ambaye ni kinyume cha yule wa kwanza: unyoya mweupe au wa dhahabu, na doa jeusi la duara mwishoni. Wengi humwita Ancona kwa haraka. Yeye ni habari nyingine, jeni kadhaa zinashirikiana kumtengeneza, na akichanganywa na kuku wa kawaida doa lile la duara huwa la kwanza kuharibika.

Karibuni kwa maswali. Elezeni unyoya mmoja mmoja, picha ya kuku mzima pekee haitoshi.

#2 Kiota cha Juu

Mkuu, somo limeniingia. Mimi nina tetea mweusi mwenye ncha nyeupe. Ana vidole vitano kila mguu, kishungi kidogo kichwani na manyoya kidevuni. Miguu yake haina manyoya. Aliyenipa alisema ni Ancona safi.

#3 Mfuga Machotara

Ndugu yangu, si Ancona safi. Rangi inadanganya, mwili haudanganyi kirahisi. Ancona ana vidole vinne, hana kishungi wala ndevu, na miguu yake ni ya njano yenye mabaka meusi.

Kidole cha tano hakitokei hovyo. Mifugo inayojulikana kwa vidole vitano ni michache: Dorking, Faverolles, Houdan, Silkie na Sultan. Sasa wapunguze mmoja mmoja. Dorking hana ndevu wala kishungi. Faverolles ana ndevu, lakini ana manyoya miguuni na hana kishungi. Silkie na Sultan wana manyoya miguuni pia. Anayebaki na kishungi, ndevu, vidole vitano, miguu mitupu na ncha nyeupe kwa pamoja ni Houdan. Kwa kuwa unasema kishungi ni kidogo, nahisi ni chotara wake, maana Houdan kamili ana kishungi kikubwa hadi macho yanafichika.

Lakini hebu tumia hesabu ya madoa. Ikiwa ana ncha nyeupe kwa wingi, basi jeni ile ameipata pande zote mbili. Maana yake huyo mzazi wa pili naye alikuwa wa madoa au aliyabeba. Kwa hiyo inawezekana kabisa Ancona yumo kwenye ukoo, aliyekupa hakusema uongo mtupu. Tazama rangi ya miguu. Ngozi nyeupe inatawala ile ya njano, hivyo kuku mwenye miguu ya njano ameipokea kwa wazazi wote wawili. Angalizo: mtazame wakati hatagi au ameanza tu kutaga, kwa sababu tetea anayetaga sana hupauka miguu, njano yote inaelekea kwenye viini vya mayai.

Tazama na upanga wa kichwani. Hii ni sehemu ya mwili wa kuku iliyochunguzwa mapema sana katika elimu ya urithi: mwaka 1902 mwanasayansi Mwingereza William Bateson aliutumia kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizozipata Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Upanga wa kawaida wenye meno, uliosimama peke yake, ni wa kujificha. Ule mpana wa vipele unaoishia na ncha nyuma unatawala, na ule mfupi wa safu tatu unatawala vilevile. Vikikutana hivyo viwili kwa kuku mmoja unapata kidude cha mviringo kilichokunjamana. Wazazi wawili wenye upanga wa kawaida hawazai upanga wa vipele, hata iweje. Ukimwona kifaranga wa namna hiyo kwenye kiota chao, kuna jogoo mwingine aliyepita hapo.

#4 Mama Vifaranga

Mleta uzi, nimesoma #1 nikasimama. Yaliyokupata ndiyo yaliyonipata mimi mwezi huu. Tetea wangu wa ncha nyeupe, jogoo mweusi asiye na undugu naye, mapora na mitetea saba, wote weusi. Walipototolewa walikuwa na weupe tumboni na ncha za mabawa nikafurahi, kisha weupe ukapotea wote. Nilikuwa nawatoa Jumamosi. Niwafanyeje?

#5 Mfuga Machotara

Dada, tafadhali usiwatoe! Umeniwahi.

Kwanza, ule weupe wa tumboni na kwenye mabawa ni kawaida ya vifaranga weusi karibu wote. Unaondoka na manyoya ya kwanza. Wengi wanadanganyika hapo, wanauza kifaranga kwa jina la madoa na baada ya miezi miwili mnunuzi analalamika. Madoa ya kweli huanza kuaminika manyoya ya utoto yakishabadilika, kuelekea miezi mitano au sita. Na hata hapo hayajakamilika, kila kuku anaponyonyoka na kuota upya weupe unaongezeka. Tetea wa mwaka wa tatu huwa mweupe kuliko alivyokuwa mwaka wa kwanza.

Pili, saba wako wote wamebeba. Hakuna haja ya kukisia, mama hana kingine cha kuwapa isipokuwa jeni ile. Una njia mbili.

Ukiwapandisha wao kwa wao, katika kila vifaranga wanne unatarajia mmoja wa madoa. Watatu watakuwa weusi, na kwa macho huwezi kujua yupi kati yao amebeba na yupi hana.

Ukimchukua pora mmoja bora ukamrudisha kwa mama yake, unatarajia nusu wawe wa madoa. Na hao nusu weusi waliobaki, wote wamebeba kwa uhakika. Kwangu mimi hii ndiyo njia ya kufuata, kwa sababu hakuna kuku anayebaki fumbo.

Kabla ya hapo mtenge mama na jogoo wa zamani. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hadi tatu. Mpe wiki tatu au nne na jogoo mpya ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha, la sivyo utahesabu watoto wa mtu mwingine. Mayai yasikae zaidi ya siku saba hivi, upande butu juu, mahali pa ubaridi wa wastani. Andika kwa penseli jina la mama kwenye kila yai. Vifaranga wakikauka, wape pete za miguu za rangi siku hiyo hiyo, na uzibadilishe wanavyokua zisije zikawabana. Bila pete na daftari utafuga kuku wazuri, lakini hutajua kwa nini ni wazuri.

#6 Mzee wa Banda

Nipinge kidogo. Kumrudisha mtoto kwa mama ni kuzalisha udhaifu. Nimeona mabanda yaliyokufa kwa mtindo huo: mayai hayatotolewi, vifaranga wanadumaa. Kwa ajili ya rangi tu?

#7 Mfuga Machotara

Mzee wangu, shikamoo, na nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Ubaya wa undugu unajilimbikiza. Mara moja, kwa kuku ambao babu na bibi zao hawakuwa ndugu, madhara huwa madogo. Mara ya pili na ya tatu ndipo idadi ya mayai yanayototolewa inaanza kushuka, na mfugaji hagundui kwa sababu inashuka polepole.

Kwa hiyo ninachosema ni kurudi mara moja tu kuyaokoa madoa, kisha kutoka nje. Kuku wa madoa aliyepatikana anapandishwa kwa asiye ndugu mwenye mwili imara, hata kama ni wa rangi moja. Watoto watakuwa wabebaji. Kisha wabebaji wa mistari miwili tofauti wanakutanishwa. Inachukua mwaka mmoja zaidi, lakini banda linabaki na afya. Na katika kila hatua, kifaranga dhaifu mwenye madoa mazuri asipewe nafasi ya kuzaa. Hapo ndipo roho inapouma, najua, ila mwili utangulie rangi.

Niongeze tahadhari mbili ambazo wachanganyaji wa rangi huzisahau. Kuku wa manyoya yaliyojikunja kwenda nje, wengine humwita kidimu, usimpandishe kwa kidimu mwenzake. Robo ya watoto hupata nakala mbili, manyoya yao yanakatika na wanabaki uchi kwa baridi. Na kuku wale wa miguu mifupi mno, ukipandisha wawili, robo ya vifaranga hufa ndani ya yai. Usiilaumu mashine ya kutotolea, ni jeni.

#8 Mzee wa Banda

Marahaba. Hilo la kutoka nje baada ya mara moja nalikubali. Sasa nijibu hili: nina tetea wa milia na nina jogoo mwekundu asiye na milia. Nitapata nini?

#9 Mfuga Machotara

Mzee, una bahati kuliko unavyojua. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, tetea ana moja ya Z na moja ya W. Milia iko kwenye Z. Tetea wako atawapa watoto wa kiume Z yake yenye milia, na wa kike atawapa W isiyo na kitu. Basi majogoo wote watakuwa na milia na matetea hawatakuwa nayo. Siku wanapototolewa, wale wenye doa jeupe au la njano utosini ni majogoo, wasio na doa ni matetea. Inasomeka vizuri kwa vifaranga wa rangi ya giza.

Ukigeuza, jogoo wa milia kwa tetea mwekundu, hesabu hiyo haifanyi kazi. Jogoo mwenye nakala mbili atawapa wote, wa kike na wa kiume. Ndiyo maana pia jogoo kamili wa milia huonekana mweupe kuliko dada zake: yeye ana dozi mbili, wao moja.

#10 Kiota cha Juu

Mkuu, vipi kwa jogoo mweusi niliyemnunua bila historia? Nitajuaje kama amebeba ncha nyeupe?

#11 Mfuga Machotara

Mpandishe kwa tetea wa madoa, uwakuze watoto wote hadi miezi sita. Akitokea hata mmoja wa madoa, jogoo amebeba, kesi imekwisha. Wakitoka weusi kumi mfululizo, ujue kwamba jogoo aliyebeba hufichwa na bahati namna hiyo mara moja tu katika 1,024. Wanne au watano hawatoshi kutoa hukumu, hapo watu wengi huharakisha.

Na kwa walioniuliza kwa ujumbe wa pembeni kuhusu matone ya kijivu: wale hawahitaji kutafuta mbebaji, maana hakuna anayejificha. Kijivu kwa kijivu hutoa robo weusi, nusu kijivu, robo matone. Matone kwa mweusi hutoa kijivu watupu. Matone kwa matone, wote matone.

#12 Mama Vifaranga

Wakuu, nimerudi, ni miezi mingi imepita. Nilifanya kama mleta uzi alivyosema, nikamchagua pora mmoja mwenye kifua kipana nikamrudisha kwa mama. Mayai kumi na mbili, wakatotolewa tisa, mmoja akafa siku ya tatu. Waliobaki ni wanane, sasa wana miezi sita. Watatu wana madoa: mitetea wawili na pora mmoja. Watano ni weusi. Nilitarajia wanne kwa wanne.

Halafu kuna jambo. Mmoja wa wale weusi ana vincha viwili vyeupe kifuani, viwili tu. Huyu nimweke upande gani?

#13 Mfuga Machotara

Dada, nimefurahi mno! Watatu kwa wanane ni sawa kabisa, nusu ni matarajio na si ahadi. Ungekuwa na themanini ungeikaribia zaidi.

Pora wa madoa usimwache na dada zake. Mtafutie tetea asiye ndugu, mzito, mtagaji. Kama huyo tetea hana jeni, watoto wake wa kwanza hawatakuwa na madoa, na sasa unajua kwa nini usihuzunike. Wale weusi watano ni akiba yako, kila mmoja amebeba. Ukimpata siku moja jogoo wa madoa kutoka banda jingine, mitetea weusi kati yao watakuletea nusu kwa nusu bila undugu wowote.

Huyo wa vincha viwili ndiye anayenivutia. Mara nyingine mbebaji huonyesha unyoya mmoja au miwili yenye ncha, kwa sababu kujificha kwa jeni hii si kwa asilimia mia. Kwa hesabu mweke na weusi. Lakini msubiri anyonyoke mara moja, kisha umhesabu upya kifua chote. Akiongezeka sana, nilikosea, na yeye ni wa nne wako.

#14 Mama Vifaranga

Nimemvisha pete ya kijani, peke yake. Nimeandika kwenye daftari: viwili, kifuani kulia.